Wapimaji naombeni msaada: ramani ya pwani ya kusini, mwamba mtupu na mikoko, naanzia wapi?

kijana_wa_bikoni

Wakuu habari za humu. Naomba uzoefu wenu maana nimekwama na tarehe inazidi kusogea.

Niko Dar, ofisi yetu ni ndogo, watu watano tu, kazi zetu za kila siku ni viwanja, Chanika, Kibada, Bunju huko, unachomeka bikoni, zile alama za mipaka, jioni uko nyumbani. Sasa tumepata kazi ya ramani ya mwinuko ya kipande cha pwani kule kusini, katikati ya Kilwa na Lindi. Mteja anataka kontua, yani mistari ya mwinuko, za kila mita moja, ufukwe wenyewe, vijito, mikoko, njia za miguu na majina ya sehemu zote. Wiki iliyopita nilienda kuangalia hali nikarudi nimechoka mpaka roho. Barabara inaishia kijijini, kuanzia hapo ni miguu au mtumbwi. Mwamba wa matumbawe una makali kama wembe, soli ya buti yangu ilichanika siku ya pili, na sehemu nyingine ukuta umesimama wima mita sita saba juu ya maji alafu chini mawimbi yameula ukabonyea ndani, mtu anaweza kukaa pale kivulini akala chakula chake. Ukimaliza mwamba unaingia mikoko, ukimaliza mikoko unakuta kijito hakivukiki mpaka maji yakupwe.

Kinachonichanganya ni hivi. Nilipima urefu wa huo ufukwe kwenye karatasi ya ramani ya zamani ya 1:50,000 nikapata kilomita 14, nikaja kuchora mwenyewe juu ya picha ya setilaiti nikapata 19 na ushee. Nikaweka ile karatasi juu ya picha kwenye QGIS, programu ya ramani, pwani nzima imehama kama mita 300, vijiji vimeingia baharini. Alafu nilisimama na risiva yetu ya GPS pale mchangani, maji yananifikia miguuni kabisa, inaniambia mwinuko ni hasi ishirini na saba. Bosi yeye anasema tununue droni twende siku nne tumalize. Mi roho inasita. Mliowahi kufanya pwani ngumu kama hii mlianzia wapi?

Tandika_GIS

Mkuu hizo shida mbili za mwisho zisikutoe jasho, zinatibika leo leo.

Hiyo karatasi iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, umbo la dunia wanalotumia pale ni Clarke 1880. Picha yako ya setilaiti iko WGS 84, mfumo wa GPS. Tofauti ya hiyo mifumo miwili kwa huku kwetu ndo hiyo mita 300 hivi, sehemu kubwa kaskazini kusini na kidogo mashariki magharibi. Kwenye QGIS ukiipa hiyo karatasi namba 32737, ya WGS 84, lazima ihame, ipe 21037, hiyo ni Arc 1960 UTM kanda ya 37 kusini, alafu uiache programu yenyewe ifanye kuhamisha. Usiivute kwa mkono ili ikae vizuri kwa macho, nimeona watu wanafanya hivyo, ikikaa upande huu inapinda upande ule.

Hasi 27 nayo risiva yako haijakosea. GPS inapima kimo kutoka kwenye umbo la hesabu, haipimi kutoka kwenye bahari, na kwa pwani yetu yote bahari iko chini ya hilo umbo kwa mita ishirini na kitu. Weka modeli ya jioidi, yani umbo linalofuata usawa wa bahari, EGM2008 inatosha kuanzia, utaona namba inarudi karibu na sifuri. Nasema karibu kwa sababu hapo kuna jambo lingine, wanaoijua bahari watakuja kulieleza.

La tatu, usije ukashawishika kutengeneza kontua za mita moja kwa data za bure za setilaiti. SRTM, data ya mwinuko ya dunia, ilipigwa Februari 2000 na chombo kile cha anga kwa siku 11, nzuri sana kwa milima, ila pikseli yake ni mita 30 na kwenye mikoko inakupa vichwa vya miti. Copernicus, ya Ulaya, ni mpya zaidi na safi zaidi lakini ugonjwa wa mikoko ni ule ule. Ukuta wako wa mita saba ndani ya pikseli ya mita 30 unageuka mteremko wa kupandia baiskeli.

BintiMajimatitu

Kaka pole na kazi. Mimi nimefanya pwani ya mikoko na miamba mara mbili kwa droni, ya kwanza tuliharibu ya pili ikakaa, nakueleza ya kwanza ili usiipitie.

Tulipanga mistari ya kuruka kama tunavyopangaga shamba, mraba mzuri, nusu yake ikawa juu ya bahari. Tumerudi mjini tumefungua laptopu, softiwea inakataa kuunganisha picha zaidi ya mia mbili. Ukikaa ukafikiria ni kitu cha wazi kabisa, softiwea inatafuta alama ile ile kwenye picha mbili tatu tofauti, na wimbi halikai mahali pamoja hata sekunde, kwaiyo picha ya maji matupu haina cha kushikana na mwenzake. Zile zilizojilazimisha kushikana zikatuvuta ufukwe ukapinda kama ndizi. Tulirudia safari nzima kwa hela zetu. Mara ya pili tukapanga mistari ifuate pwani, sambamba nayo, kila picha iwe na nchi kavu walau theluthi moja, mwingiliano wa picha asilimia 80 mbele na 70 pembeni, na vitambaa vya alama, vile unavyopima kordineti zake chini, tukavitandaza mpaka kwenye mwamba wa nje kabisa unaotoka maji yakikupwa. Kile kitambaa cha nje ndo kilituokoa. Bila hicho upande wa bahari unabaki unaning'inia, hauna kitu kinachoushika chini.

Huo ukuta uliobonyea kwa chini droni ikitazama chini moja kwa moja haiuoni. Itakuchorea ukingo wa juu na kukuambia chini yake ni maji, kumbe mguu wa mwamba uko ndani mita mbili tatu. Ruka mara moja zaidi ukitokea baharini, kamera umeilaza, upige huo ukuta usoni. Fanya asubuhi maana pwani yetu inatazama mashariki na jua linaupiga vizuri, mchana unapata kivuli tu.

Mikoko sasa. Droni ya picha itakupa majani, haitakupa udongo. Usiruhusu mtu akate miti apate kuona, mikoko ni hifadhi ya serikali, iko chini ya TFS, wakala wa misitu, mtajiletea kesi na mtakuwa mmeharibu kitu kinachokinga hiyo pwani yenyewe. Sisi tuliingia kwenye vijito kwa mtumbwi, maji yakiwa yamekupwa, tukapima matope ya kingo zote mbili kila baada ya mita 50 hivi na sehemu zilizo wazi katikati. Kazi ya siku tatu hiyo, matope yanakufika magotini na risiva umeibeba begani kama mtoto, ila kontua zake nazisimamia mpaka leo.

Na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kaombeni sasa hivi kabla ya kununua hata betri. Mpelekeni barua na mwenyekiti wa kijiji kabla hamjarusha chochote, watu wakiona kitu kinazunguka juu ya nyumba zao na hawajaambiwa wana haki ya kukasirika.

nahodha_feri

Mimi si mpimaji, nina boti hapa Feri na nimeshawahi kubeba wapimaji kwenda Mafia na kule Songosongo. Naongea la bahari tu.

Angalia mwezi kabla hujaangalia kalenda ya ofisi. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo maji yanakupwa sana na yanajaa sana, tofauti inapita mita tatu. Na pwani yetu hii siku za bamvua kupwa kwa mchana kunaangukia saa nne mpaka saa tano asubuhi, yani mwanga upo na mwamba wote uko nje, kujaa ni saa kumi jioni. Siku za maji mafu mwamba wa nje hautauona kabisa, utachora bahari mahali ambapo mtu anatembea na kapu la pweza.

Upepo, kusi la mwezi wa sita na wa saba usiende, boti ndogo kusogelea ukuta wa mwamba wakati wa kusi ni kutafuta msiba. Subiri maleleji, kusi limekufa kaskazi haijashika, hapo bahari inalala. Alafu chukueni nahodha wa hapo hapo kijijini, msichukue wa Dar hata kama ni mimi. Kila mlango wa kuingilia una jina na una saa yake na yeye ndo anazijua.

Mzee_wa_Rula

Vijana hamjambo. Mimi nimestaafu, nilisoma upimaji enzi bado panaitwa Chuo cha Ardhi, kabla hakijawa UCLAS, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar, mwaka 1996 na kabla ya kuwa chuo kikuu 2007. Nimesoma swali la huyu kijana mara mbili. Amepewa majibu mazuri ya vyombo. Mimi nataka turudi kwenye kilomita 14 na 19, maana hapo ndipo kazi yake yote ilipo.

Kwenye karatasi ya 1:50,000 milimita moja ni mita 50. Mstari wa kalamu wenyewe una unene wa mita 15 kwenye ardhi. Kila kijighuba kidogo kuliko hapo mchoraji alikipita juu kwa juu. Wewe umekuja na picha ya setilaiti ukaingia kwenye kila kona, umepata 19. Ukienda na droni utapata 25 au zaidi. Hakuna aliyedanganya. Pwani yenye miamba urefu wake unategemea fimbo unayopimia, fimbo ikiwa fupi pwani inarefuka. Kwa hiyo mteja akikuuliza urefu, mpe namba pamoja na skeli yake, usimpe namba peke yake.

Hizo karatasi usizidharau. Ni za mfululizo wa Y742, zilitengenezwa kwa picha za ndege pamoja na Waingereza wa ile idara yao ya upimaji wa nchi za nje, na majina na njia za zamani zimo. Lakini kontua zake nyingi ni za kila mita 20. Ukuta wako wa mita saba haumo kabisa. Kutoka baharini mpaka kontua ya kwanza karatasi iko kimya, na mteja wako anataka kujua hapo hapo palipokaa kimya.

Sasa jambo kubwa. Ufukwe ni mstari upi? Nahodha amesema maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Kwenye ukuta wa mwamba haina shida, mstari wa kujaa na wa kupwa vimelaliana. Lakini kwenye matope mbele ya mikoko, mita tatu za kimo ni mita mia nne au mia tano za kutembea. Picha ya setilaiti uliyochorea ilipigwa saa ngapi, bamvua au maji mafu? Kama hujui, umechora mstari wa siku moja ukauita pwani. Sifuri nazo ziko mbili. Ramani ya nchi kavu inahesabu kutoka kwenye wastani wa bahari, chati ya mabaharia inahesabu kutoka kwenye maji yanapokupwa kabisa ili nahodha asidanganyike na kina, na kati ya hizo mbili huku kwetu ni karibu mita mbili. Ukichanganya kina cha chati na mwinuko wa nchi kavu bila kulijua hilo, umetengeneza ngazi ya mita mbili ambayo haipo.

Msifikiri nabishania unene wa kalamu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ufukwe ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mtu akichukua ramani yako akahesabu mita 60 kutoka kwenye mstari wa kupwa, yote yatakuwa majini na mikoko iko nje ya kinga. Akihesabu kutoka kwenye mstari wa kujaa, nyumba za wavuvi zinaweza kuwa ndani. Mstari wako utakuwa unaamua maisha ya watu ambao hata hawajui umeuchora. Uandike kwenye ramani kwa maneno kamili ni mstari wa nini.

Pwani yetu hii ina historia ya ramani iliyoamua vita. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza kwa chati zao hawakutegemea meli kubwa vile ipite kwenye ile mikondo. Wajerumani walikuwa na meli yao ya upimaji, Möwe, iliyokuwa imeshapima ile delta, wakajua kina kiko wapi. Ikachukua mpaka Julai 1915 kuimaliza ile manowari, na ilibidi ziletwe meli maalumu zinazopita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, na ndege za kuonyesha risasi zinaangukia wapi. Karibu miaka tisini kabla ya hapo kapteni Owen alipima pwani yote hii kwa meli za Leven na Barracouta, mabaharia wake wakafa wengi sana kwa homa. Kupima pwani haijawahi kuwa kazi ya siku nne.

kijana_wa_bikoni

Mzee wangu shikamoo, na wengine wote asanteni sana. Nimefanya alichosema Tandika, karatasi imekaa vizuri, vijiji vimerudi nchi kavu, nilifurahi nikamwita na bosi aje kuangalia.

Hilo la mstari limenikosesha usingizi. Nimempigia mteja nikamuuliza anataka ufukwe wa maji gani, akakaa kimya kwenye simu muda mrefu alafu akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nimemweleza la mita 60, kaomba mistari miwili, wa kujaa bamvua na wa kupwa bamvua, kila mmoja na jina lake. Bosi naye kaelewa siku nne hazitoshi.

Nimebakiwa na maswali mawili. Huko hakuna bikoni yenye mwinuko wa kuaminika karibu, besi, yani pointi ya kuanzia vipimo vyote, naiwekaje? Na sifuri ya bahari naipataje kama sina kipimo cha maji pale?

Tandika_GIS

Besi: tafuta mwamba imara mbali na mchanga, toboa uweke chuma na saruji, acha risiva ikusanye data saa sita au zaidi kwa siku mbili au tatu tofauti, alafu tuma faili kwenye huduma za mtandaoni, AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada, zote bure, zinakurudishia kordineti nzuri kabisa. Fananisha siku kwa siku. Zikipishana zaidi ya sentimita chache rudia. Usiweke besi mchangani hata kama ni kwa asubuhi moja tu, miguu ya tripodi inazama taratibu na wewe huioni.

Mzee_wa_Rula

Marahaba kijana. Kwa maji, chukua mti mnyoofu wa mita tano, ugawe kwa rangi kila sentimita kumi, ufunge kwenye nguzo au mwamba ndani ya kijito ambapo mawimbi hayapigi, mahali ambapo hata bamvua ikikupwa maji hayaishi. Uunganishe na besi yako kwa leveli. Uwe unausoma kila nusu saa mchana na usiku. Mwezi mzima ndiyo kipimo cha kweli, lakini kama hela haitoshi fanya walau bamvua moja mpaka nyingine, siku kumi na tano, kisha linganisha na jedwali la maji la bandarini kwa siku zile zile. Kijana wa kijijini aliyemaliza shule anaweza kuusoma, mlipe vizuri na mpe daftari na tochi. Andika saa ya kweli, ukiandika saa kwa kukisia daftari zima linakuwa halina kazi.

Na majina. Karatasi za zamani majina mengi yaliandikwa na mtu aliyesikia mara moja akaondoka. Nilipokuwa kazini tulikuwa na kisiwa kimoja kwenye ramani, tukakaa na mzee mmoja mvuvi chini ya mkwaju akatuambia hicho si kisiwa, watu wanakwenda kwa miguu kuchimba chaza siku za bamvua, na jina tulilokuwa nalo ni la mwamba wa upande wa pili. Tulikaa naye asubuhi nzima, tukapata majina thelathini na moja ambayo hayakuwa popote. Kaa na wavuvi, na usiwasahau kina mama wa pweza, wao ndio wanaojua mwamba unaotoka siku mbili tu kwa mwezi.

BintiMajimatitu

Naunga mkono hilo la kina mama. Kitambaa chetu cha nje kabisa nilichokisema alituonyesha mama mmoja pa kukiweka, sisi tulikuwa hatujui kama pale panatoka.

Kaka ukienda beba buti pea mbili na glavu za ngozi kwa kila mtu. Kwenye huo mwamba mtu akianguka anashikilia kwa mkono.

kijana_wa_bikoni

Nimeandika yote kwenye daftari la safari. Barua ya TCAA inaenda kesho, mti wa kupimia maji fundi wa hapa Mwenge anaupaka rangi. Tumesogeza safari mpaka maleleji, tunafika siku tatu kabla ya mwezi kuandama ili besi iwe imeshatulia kabla ya bamvua.

Nahodha, kwenye hivyo vijito mtumbwi wa injini unafaa au wa kasia?

nahodha_feri

Kasia, au pondo kabisa. Injini itanasa kwenye mizizi. Ingieni maji yakianza kutoka muende nayo mpaka chini, mkianza kuyaona yanarudi geuzeni nayo, msisubiri. Na maji ya kunywa bebeni ya kutosha, kule kisima kiko kijijini tu.